Blokcheni kwenye tenda: nani ataiona bei yangu, na nani atanionyesha kwamba nimepimwa kwa haki?

MamaMadawati (Arua) ameandika:

Habari zenu ndugu. Nina karakana ya samani hapa Arua, Uganda. Tunatengeneza madawati ya shule, meza za walimu, makabati na milango ya chuma. Kazi yetu kubwa inatokana na tenda za shule, za vituo vya afya na za mashirika yanayohudumia wakimbizi. Hivi karibuni tulikuwa na kikao cha wafanyabiashara wa huku kwetu, na kijana mmoja wa kompyuta akatuambia kwamba matatizo yetu yatakwisha tenda zikihamia kwenye blokcheni. Kila kitu kitaonekana, alisema, na hakuna mtu atakayeweza kubadilisha chochote. Watu walipiga makofi. Mimi nilitoka pale na wasiwasi, na wasiwasi huo ndio ulionileta hapa.

Mimi sitaki kila kitu kionekane.

Tuchukue dawati moja la watoto watatu. Bei yake kwangu imejengwa na bomba la mraba ninaloagiza Kampala, mbao za kiti na meza, vijiti vya kuchomelea, rangi, mkono wa fundi, na usafiri. Bomba nalipata kwa mkopo kwa mtu ambaye tumeaminiana kwa miaka. Mbao nazipata kwa muuzaji ambaye wengi hawamjui. Usafiri nimeupanga kwa namna yangu. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori yalizungukia Masindi na Pakwach, wenzangu wengi wakapandisha bei, mimi nikabaki pale pale kwa sababu ya mpango huo. Hayo ndiyo mali yangu. Mashine za kuchomelea kila mtu anazo.

Sasa kuna tenda ambayo taasisi ilitaka mchanganuo kamili wa bei, mstari kwa mstari, pamoja na barua za wauzaji wetu. Niliwasilisha kama nilivyoagizwa. Nilishindwa, na kushindwa ni sehemu ya biashara, sikulalamika. Lakini msimu uliofuata mfanyabiashara mwingine alikwenda moja kwa moja kwa muuza mbao wangu na kumtajia bei ninayonunulia, hadi shilingi ya mwisho. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kuuliza kwa nini natangaza siri zetu. Bei ile niliiandika kwenye karatasi moja tu, na karatasi hiyo iliingia kwenye bahasha ya tenda.

Upande wa pili wa jambo hili unaniuma vilevile. Barua ya kunijulisha kwamba nimeshindwa ilikuwa na sababu moja: haikukidhi vigezo vya kiufundi. Kigezo gani? Mshindi alikipata vipi? Nilipouliza, niliambiwa nyaraka za wazabuni wengine ni siri. Yaani yangu haikulindwa, ila ya mwenzangu ilitumika kunifungia mlango.

Kwa hiyo nauliza wenye ujuzi. Nataka mambo matatu. Bei yangu isionwe na mtu yeyote kabla ya saa ya kufungua. Mchanganuo wangu usimfikie mpinzani kamwe. Na nikishindwa, niweze kuhakikisha kwamba mimi na mshindi tumepimwa kwa kipimo kimoja. Je, haya matatu yanaweza kukaa pamoja? Na blokcheni ndiyo inayoyaleta, au ni kitu kingine?

Nasibu256 (Kampala) amejibu:

Mama, swali lako ni zuri kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu teknolojia hii. Naandika programu, na ninajishughulisha na usalama wa data, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Kwanza, blokcheni peke yake haifichi kitu. Ni daftari ambalo nakala zake zinatunzwa na watu wengi, na kila ukurasa umefungamanishwa na uliotangulia, kiasi kwamba ukifuta mstari wa jana, kurasa zote zilizofuata zinakataa. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba kitu fulani kiliandikwa, kwa mpangilio fulani, na hakijaguswa. Ukiweka bei zako humo wazi, umezitangaza kwa dunia nzima, na hazitafutika. Kijana wenu alisema kweli kuhusu kutobadilika. Kuhusu siri alinyamaza.

Kinachofanya kazi ya siri ni kriptografia, yaani hesabu za kufunga na kuthibitisha taarifa, na hii ina umri mkubwa kuliko blokcheni.

Njia rahisi kabisa inaitwa ahadi iliyofungwa. Unachukua bei yako, unaipitisha kwenye heshi, yaani fomula inayogeuza taarifa yoyote kuwa alama fupi ya kuitambulisha, tuseme SHA-256, na inatoka mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Huo mfuatano ndio unaowasilisha na kuandikwa kwenye daftari la wote. Hakuna awezaye kuurudisha nyuma apate bei. Siku ya kufungua unataja bei, kila mtu anaipitisha kwenye heshi ile ile, na matokeo yasipolingana na ulichowasilisha, umebadilisha.

Hapa kuna shimo ambalo nimeliona kwenye mifumo ya watu wanaojiita wataalamu. Bei ya tenda ni kitu rahisi kukisia. Tuseme kila mtu anajua kazi hii itaangukia kati ya shilingi milioni 40 na milioni 60. Ukihesabu shilingi moja moja, bei zinazowezekana ni milioni 20 tu. Kompyuta ya kawaida ya mezani inazipitisha zote kwenye SHA-256 kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Na kwa kuwa wafanyabiashara hupenda kufunga bei kwenye mia tano, zinabaki 40,000, ambazo hata simu inazimaliza. Mpinzani anachukua mfuatano wako uliowekwa hadharani, anajaribu bei moja baada ya nyingine mpaka ulingane, na siri imekwisha kabla sanduku halijafunguliwa.

Dawa yake ni kuchanganya bei na namba nasibu ndefu, yaani ya kubahatisha isiyokisika, ya biti 256, iliyotengenezwa na kompyuta yako na kubaki kwako. Hapo mkisiaji hana pa kuanzia. Mfumo wowote wa tenda unaotumia heshi ya bei tupu, bila namba nasibu, ukataeni hata kama umepambwa kwa jina la blokcheni.

Njia hii ina udhaifu wa pili: mzabuni lazima arudi siku ya kufungua ili ataje bei na namba yake. Akiona wengine wametaja bei na kwamba yake haimfai tena, anaweza kukaa kimya. Au mtandao unaweza kukatika. Sote tunakumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Tarehe ya kufungua ikiangukia siku kama zile, wenye haki wanatolewa nje.

Ndiyo maana mimi napendelea njia ya ufunguo uliogawanywa. Adi Shamir aliandika mwaka 1979 jinsi ya kugawa siri moja vipande kadhaa, kiasi kwamba idadi fulani ya vipande ikikutana siri inapatikana, na ikipungua hata kimoja hakuna kinachojulikana hata kidogo. Zabuni zote zinafungwa kwa ufunguo mmoja wa umma, ambao kila mtu anaweza kufungia lakini haufungui. Ufunguo wa kufungulia unagawanywa kwa watu watano, mfano ofisi ya CAO (mtendaji mkuu wa wilaya), PPDA (mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma), Inspekta wa Serikali, mwakilishi wa wazabuni na shirika la kiraia, na inatakiwa watatu wakutane ili zabuni zifunguke. Ofisa mmoja akitaka kuchungulia usiku, hawezi. Wewe nawe huhitajiki siku ile, zabuni yako itafunguka hata kama Arua hakuna mtandao.

Sharti lake ni kwamba vipande vishikwe kweli na watu tofauti. Nimeona michoro mizuri ambamo "wadau watano" wote ni seva tano ndani ya chumba kimoja, chini ya msimamizi mmoja. Mwenye chumba ndiye mwenye kila kitu. Na hili linahusu blokcheni pia: nodi zote, yaani kompyuta zinazotunza nakala za daftari, zikiwa za taasisi inayonunua, hicho si chochote zaidi ya hifadhidata yao.

Suala la mchanganuo na la kuhakikisha upimaji nitalirudia. Kwanza ningependa kumsikia mtu aliyekaa ndani ya kamati.

OfisaMstaafu (Tororo) amejibu:

Nimefanya kazi ya ununuzi serikalini hadi nikastaafu. Nitasema ninayoyajua bila kutaja mahali.

Kijana Nasibu ameeleza vizuri ulinzi wa kabla ya kufungua. Lakini, Mama, karatasi yako haikuvuja kabla ya kufungua. Ilivuja baadaye. Na huko baadaye ndiko kwenye giza.

Utaratibu wetu chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2003 una hatua zinazofahamika. Bahasha zinafunguliwa hadharani, majina na bei zinasomwa kwa sauti, wawakilishi wa wazabuni wamekaa pale wanaandika. Saa hiyo ni safi. Sanduku lina kufuli, kila ukurasa wa bei iliyosomwa unatiwa saini, nani atathubutu? Kisha mlango unafungwa na kamati ya tathmini inaanza: kukagua nyaraka za awali, kupima ufundi, kulinganisha bei. Ripoti inakwenda kwa kamati ya mikataba. Tangazo la mzabuni bora linabandikwa, na asiyeridhika anapeleka malalamiko kwa Ofisa Mhasibu, ambaye wilayani ni CAO, na akikwama huko anakwenda kwenye Baraza la Rufaa.

Kati ya kufungua na kubandika tangazo kuna siku nyingi, na nyaraka zinapita mikononi mwa watu wengi: wajumbe wa kamati, karani, anayepiga chapa, anayetoa nakala. Nakala moja ya ziada kwenye mashine ya fotokopi haiachi alama. Mchanganuo wako ulipita njia kama hiyo.

Nitaje na sehemu ambayo watu wa nje hawaiangalii: kusahihisha hesabu. Kanuni inasema bei ya kitu kimoja ikizidishwa kwa idadi na isilingane na jumla iliyoandikwa, bei ya kitu kimoja ndiyo inayotawala, na jumla inarekebishwa. Ni kanuni ya haki kabisa, kwa sababu watu hukosea kuzidisha. Lakini jumla ndiyo iliyosomwa hadharani. Bei za mstari kwa mstari hazikusomwa. Kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya, aliyekubaliana na mzabuni, anaweza kubadilisha ukurasa mmoja wa ndani, hesabu "ikasahihishwa", na aliyekuwa wa tatu kwa bei akawa wa kwanza. Aliyekuwepo siku ya kufungua anaambiwa: ni marekebisho ya hesabu. Na hana namna ya kubisha, kwa sababu kurasa za ndani ni siri.

Kama hiyo kriptografia yenu inaweza kuziba mlango huo, nitaiunga mkono kwa moyo wote. Kama inalinda saa ya kufungua tu, mtakuwa mmelinda mahali ambapo pana walinzi tayari.

MamaMadawati amejibu:

Mzee, asante sana. Umenifungua macho kuhusu kusahihisha hesabu. Niliwahi kusikia neno hilo likitajwa kwenye ripoti na nikadhani ni jambo la karani.

Nasibu, kaka yangu, sasa swali langu limepata umbo. Je, mtu anaweza kuthibitisha kwamba hesabu zangu ni sahihi bila kuona bei zangu za ndani?

Nasibu256 amejibu:

Anaweza. Na Mzee ametaja mlango ambao hesabu hizi zinauziba vizuri kuliko wowote.

Kuna aina ya ahadi iliyofungwa iliyobuniwa na Torben Pedersen mwaka 1991. Inaficha namba kama ile ya heshi, ila ina sifa moja ya ziada: ahadi zinaweza kujumlishwa zikiwa zimefungwa. Ukiunganisha ahadi ya namba moja na ahadi ya namba nyingine, unapata ahadi ya jumla yao. Na ukiirudia ahadi mara 300, unapata ahadi ya namba ile mara 300. Yote haya bila kufungua chochote.

Sasa tuichukue tenda ya mfano. Taasisi inataka madawati 300, meza 20 za walimu na makabati 10. Idadi hizo ziko kwenye tangazo, kila mtu anazijua. Wewe moyoni umeweka dawati shilingi 145,000, meza 180,000, kabati 350,000. Jumla ni 50,600,000. Unachowasilisha ni ahadi tatu zilizofungwa, moja kwa kila bei, pamoja na jumla na namba nasibu ya jumla hiyo, navyo vinabaki vimefungwa mpaka siku ya kufungua. Siku ya kufungua inasomwa jumla tu, milioni 50 na laki sita. Mtu yeyote aliye na simu anachukua ahadi zako tatu, ya kwanza mara 300, ya pili mara 20, ya tatu mara 10, anaziunganisha, na anahakikisha kwamba ni ahadi ya 50,600,000. Ikilingana, hesabu yako ni sahihi, na yeye hakuiona bei hata moja.

Fikirieni maana yake kwa aliyoyasema Mzee. Zabuni yenye kosa la kuzidisha inakataliwa na mfumo pale pale inapowasilishwa, mzabuni anarekebisha mwenyewe kabla ya saa. Baada ya kufungua hakuna hesabu ya kusahihisha. Na ukurasa wa ndani haubadiliki, kwa sababu ahadi zimeshaandikwa kwenye daftari ambalo nakala yake unayo wewe, anayo mpinzani, anayo PPDA.

Linahitajika jambo moja zaidi: uthibitisho kwamba kila namba iliyofungwa ni ya kawaida, yaani si hasi na haizidi kiwango fulani. Bila hilo mjanja ataficha bei hasi kwenye mstari mmoja ili kubeba bei ya kupindukia kwenye mwingine. Zipo thibitisho fupi za kazi hii, mojawapo ni Bulletproofs ya mwaka 2018, na kompyuta ya kawaida inazitengeneza bila shida.

Sitaki nikuahidi zaidi ya yaliyopo, Mama. Tenda ikiwa ya bidhaa moja tu, siri ya bei ya mstari haipo: jumla igawanywe kwa 300, umeipata bei ya dawati. Hesabu haiwezi kuficha kile ambacho jumla imeshakisema. Kinachobaki kufichwa hapo ni mchanganuo wa chini yake, mbao kiasi gani, bomba kiasi gani, na huo ndio uliokuumiza.

Kuhusu kipimo cha ufundi, inategemea kigezo. Kigezo cha namba kinathibitishika bila kufichua. "Mauzo ya mwaka yasiwe chini ya milioni 100" ni sentensi ambayo unaweza kuithibitisha kwa ahadi iliyotiwa saini ya kidijitali na mkaguzi wa hesabu zako, pasipo mtu kujua mauzo yako ni milioni 101 au milioni 900. Wanahisabati Goldwasser, Micali na Rackoff waliweka msingi wa thibitisho za namna hii mwaka 1985. Lakini kigezo cha "ubora wa sampuli, alama 20" kinapimwa na macho ya binadamu, na hakuna kriptografia itakayoyafanya macho hayo yawe ya haki. Kinachowezekana ni kumlazimisha kila mjumbe wa kamati afunge alama zake kwa ahadi kabla ya kuona za wenzake na kabla ya kujua bei, kisha zote zifunguliwe kwa pamoja. Alama hazitabadilishwa baada ya simu kutoka juu. Na utaweza kuona kwamba mjumbe mmoja alikupa 18 na mwingine akakupa 3, ukauliza kwa nini.

Mkaguzi_Mbale amejibu:

Nimesoma yote, na nina pingamizi zito. Nafanya ukaguzi wa ununuzi. Bei hizo za mstari kwa mstari mnazotaka kuzifungia ndizo zinazonisaidia kukamata wezi.

Wazabuni wanaokula njama hawaachi barua. Wanaacha namba. Naweka zabuni tatu mezani na kuona kwamba zabuni B ni zabuni A iliyoongezwa asilimia nane kwenye kila mstari, na zabuni C ni A iliyoongezwa kumi na mbili. Hapo najua mkono ulioandika ni mmoja, na "ushindani" ule ulikuwa wa kuigiza. Ukisoma jumla peke yake huoni kitu, zinaonekana bei tatu za kawaida. Mkizifunga bei za walioshindwa milele, mmewapa kinga watu wanaogawana tenda, na hao wanamuumiza MamaMadawati kuliko fotokopi yoyote.

Pia kuna bei ya chini kupita kiasi. Kamati lazima iweze kuuliza: dawati hili utalitengeneza vipi kwa bei hii? Na mkataba ukishaanza, kazi ikiongezeka, malipo ya nyongeza yanafuata bei za mstari.

Tazameni Ukraine na mfumo wao wa tenda za umma mtandaoni, ProZorro. Hawakutegemea blokcheni wala kufichana. Waliamua mnada ukiisha kila kitu kiwe wazi, nyaraka za walioshindwa zikiwemo, na wananchi wakapewa mahali pa kufuatilia na kuripoti. Kwa pesa ya umma, huo ndio moyo wangu.

Nasibu256 amejibu:

Mkaguzi, pingamizi lako ni la kweli na linabadilisha muundo. Bei za mshindi zifunguliwe, sina ubishi. Amepewa pesa ya umma, na mkataba unazihitaji. Jumla za wote zisomwe hadharani, kama ilivyo sasa. Tunabishania mchanganuo wa walioshindwa tu.

Hapo napendekeza ufunguo uliogawanywa utumike mara ya pili. Mkaguzi mwenye sababu anaomba, wenye vipande watatu kati ya watano wanakubali, bei zinafunguka kwake peke yake, na ombi lenyewe linaandikwa kwenye daftari la wote: nani, lini, tenda ipi. Hapa ndipo daftari lisilofutika linapostahili kuwepo. MamaMadawati atajua kwamba mchanganuo wake ulifunguliwa. Leo hajui hata ni mashine ipi iliyotoa nakala.

Kuhusu Ukraine, nauheshimu mfumo ule sana. Lakini mwenye karakana ndogo anayelazimika kuonyesha wauzaji wake kwa kila mpinzani ataacha kuomba, na watakaobaki ni wale wakubwa ambao hawana cha kupoteza. Denmark walikutana na hofu ya namna hii. Januari 2008 wakulima wa viazisukari wapatao 1,200 walifanya mnada wa haki za kuzalisha, na mnunuzi wao alikuwa mmoja tu, kampuni ya Danisco. Hawakutaka kampuni ijue kila mmoja yuko tayari kuuza kwa bei gani, kwa sababu ingejua nani yuko taabani na kutumia habari hiyo kwenye mikataba ya baadaye. Kwa hiyo seva tatu za pande tatu tofauti zilikokotoa bei ya soko kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyoona zabuni ya mtu mmoja mmoja. Ilifanya kazi, kwa wakulima, kwa fedha halisi. Na hapakuwa na blokcheni.

Mkaguzi_Mbale amejibu:

Kama maombi ya kufungua yana muda maalum wa kujibiwa, na kukataa kunaandikwa pamoja na sababu, nitakubali. Bila muda maalum, wenye vipande watanikalisha miezi mpaka mwaka wa fedha ufungwe.

Neno moja zaidi kwa watakaojenga: msiweke wasifu wa wafanyakazi, vitambulisho wala taarifa za benki kwenye daftari lisilofutika, hata zikiwa zimefungwa kwa ufunguo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mtu ana haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Weka ahadi tu kwenye daftari, nyaraka zenyewe zikae mahali zinapoweza kufutika.

OfisaMstaafu amejibu:

Mkaguzi na Nasibu, mmezungumza kama watu wazima. Mimi naongeza la vigezo. Tenda nyingi zinaibwa kabla ya tangazo kutoka, pale mtu anapoandika kwamba mzabuni awe na mashine ya aina fulani ambayo mjini mwenyewe ni mmoja. Zabuni zote zitafungwa vizuri, zitafunguliwa vizuri, hesabu zitalingana, na atashinda yule yule. Mama, hudhuria kikao cha maswali kabla ya kufunga tenda, na uliza kwa maandishi. Jibu linapaswa kupelekwa kwa wazabuni wote, na hilo linabaki kwenye jalada.

MamaMadawati amejibu:

Nimewaelewa, na namshukuru kila mmoja. Haya ya ufunguo wa watu watano yatahitaji wakubwa waamue. Mfumo wa e-GP, yaani wa tenda za serikali kwa mtandao, umeanza kutumika nchini tangu 2021, na najua bado taasisi nyingi tunazouzia zinapokea bahasha za karatasi. Nina tenda ya kuwasilisha wiki ijayo, kwa bahasha. Kuna lolote ninaloweza kufanya mimi mwenyewe, kwa kompyuta yangu na karatasi zangu, ili ukurasa wa ndani ukibadilishwa nijue na niweze kuthibitisha?

Nasibu256 amejibu:

Lipo, Mama, na halikugharimu kitu.

Ukishapiga mihuri na kutia saini kila ukurasa, skani zabuni yote iwe faili moja ya PDF. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike:

certutil -hashfile zabuni.pdf SHA256

Zitatoka zile herufi na tarakimu 64. Faili ya skani ina madoadoa na vivuli ambavyo hakuna anayeweza kuvikisia, kwa hiyo hapa huhitaji namba nasibu ya ziada. Andika mfuatano huo kwenye barua yako ya kuwasilisha zabuni, kwa sentensi ya kawaida: nakala ya kidijitali ya zabuni hii ina alama ifuatayo. Peleka barua nakala mbili. Moja inaingia na bahasha, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Faili yenyewe usiiguse tena, hata kuipa PDF saini au kuihifadhi upya kwenye programu nyingine, maana ikibadilika kidogo tu mfuatano unakuwa mwingine. Iweke kwenye flashi mbili.

Siku wakikuambia kwamba ukurasa wa 14 ulikuwa na bei nyingine, unaleta flashi na barua yenye muhuri wao. Faili inatoa mfuatano ule ule ulioandikwa kabla ya kufungua, kwa hiyo hawawezi kusema ukurasa wa 14 ulio kwenye faili yako umetungwa baada ya kufungua.

Na tarehe haihitaji blokcheni. Kuanzia mwaka 1995 kampuni ya Surety ya Marekani ilikuwa ikichapisha heshi za wateja wake, zikiwa zimekusanywa kuwa moja, kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Nani atazikusanya nakala zote za gazeti azibadilishe? Chama chenu cha wafanyabiashara wa Arua kinaweza kufanya hivyo hivyo: siku ya kufunga tenda, kila mwanachama alete mfuatano wake, muuchape wote kwenye karatasi moja, kila mmoja aondoke na nakala.

MamaMadawati amejibu:

Hili la karatasi moja nalipeleka kwenye kikao cha Jumamosi. Mhasibu wangu ameshajaribu ile amri kwa faili ya zabuni ya zamani na mfuatano umetoka. Amebadilisha nukta moja kwenye nakala, ukatoka mwingine kabisa, tumeulinganisha tarakimu kwa tarakimu. Mzee wa Tororo, nitauliza pia kwa maandishi kuhusu kile kigezo cha mashine, kwa sababu kwenye tangazo la safari hii kipo.